Mjinga na Mpumbavu

Kalamu na madaftari wekeni kando kidogo. Leo tutazungumza kwanza, kuandika baadaye.

Wengi wetu tukiitwa wajinga hukasirika sana. Hebu tulitazame neno lenyewe. Zamani huku pwani, mjinga alikuwa mtu aliyefika karibuni, asiyejua bado njia za mji wala desturi zake. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha Kiswahili kilitoka mara ya kwanza mwaka 1870, alilieleza neno hilo hivyo. Hasa waliitwa hivyo watumwa walioletwa karibuni, na bila shaka dharau ilikuwamo. Lakini mgeni hakai mgeni siku zote. Leo aulize njia ya kisimani, kesho atakwenda peke yake.

Kwa maana hiyo sote tu wajinga wa jambo fulani. Fundi wa majahazi hajui kupogoa mibuni, na mkulima wa kahawa hajui kushona tanga. Hakuna mwenye kosa hapo.

Upumbavu ni habari nyingine. Mpumbavu ameonyeshwa njia, naye akapita porini.

Tuchukue mfano wa malaria. Dawa mseto ambayo wengi hupewa huwa na dozi 6, nazo humezwa kwa siku 3, asubuhi na jioni. Mara nyingi homa hushuka kabla ya dawa kwisha. Basi karani mmoja, msomaji hodari, aweza kusoma maagizo yote yaliyo juu ya pakiti. Siku ya pili akijiona mzima, huziweka zilizobaki kabatini, ati zitamfaa siku nyingine. Vijidudu vilivyosalia katika damu vyaweza kuongezeka tena, na homa ikarudi. Huyu si mjinga. Alisoma, akaelewa, akaacha.

Sasa tuseme mama amempeleka mtoto zahanati. Amepewa dawa hiyo hiyo dirishani, lakini kusoma hajui, na nyuma yake foleni ni ndefu. Kuuliza, "Ndugu, nimpe vipi?" hakuchukui hata dakika moja. Lakini aona haya, asije akachekwa. Huondoka kimya, akampa mtoto kama alivyomwona jirani akimpa wake, na huenda mtoto wa jirani ni mkubwa kuliko wake. Kipimo cha dawa hii hufuata uzito wa mwili. Kutojua kwake hakukuwa na kosa. Haya ndiyo iliyomtia mtoto hatarini. Wala nisimlaumu yeye peke yake. Mgawa dawa atupaye maneno upesi upesi, asiulize kama ameeleweka, naye ana sehemu yake.

Twajua kwamba haya hiyo hupungua watu wakijifunza pamoja. Mwaka 1973 nchini Tanzania kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio kama mnavyosikiliza ninyi, wakasoma kijitabu, wakaulizana. Hawakuishia hapo. Walikwenda wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Babu aliyeuliza mbele ya wajukuu zake hakuonekana mdogo, kwa sababu karibu kila mtu pale alikuwa na la kuuliza.

Haya, sasa ni zamu yenu. Zungumzeni kwa dakika 10: ni jambo gani hapa kijijini ambalo sote tunalijua vizuri, na bado hatulifanyi? Msitaje jina la mtu. Kisha kila mmoja aandike daftarini sentensi moja inayoanza na maneno "Nilikuwa sijui". Asiyeweza bado kuandika amwambie jirani yake, amwandikie. Kwaherini mpaka juma lijalo.