Tandala wa Mikumi Hatafutwi kwa Macho

Tandala mkubwa dume akishakomaa anaweza kufikia kilo 250, na pembe zake zilizojisokota huzidi mita moja. Mtu angedhani mnyama wa ukubwa huo hana pa kujificha. Lakini waulize wanaomjua, wale wanaotembea kwenye vilima vya kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mbuga ya Mkata inapoishia na miombo kushika. Unaweza kumpita hatua arobaini tu asitikisike, ukaja kushtuliwa na kwato zikiporomoka korongoni. Rangi yake ni kijivu cha magome ya miti wakati wa kiangazi. Ile mistari myembamba myeupe ubavuni, ambayo kwenye picha humpamba, porini humkata vipande vipande hadi jicho lishindwe kumuunganisha.

Watalii wengi hurudi Dar es Salaam bila kumwona. Wao huishia Mkata, ambako nyumbu, pundamilia na swala pala huonekana hata na dereva anayesinzia, na kongoni hupanda juu ya kichuguu kama mlinzi wa zamu. Tandala anataka akili nyingine, na akili hiyo ni ile ile iwe aliyenayo ameshika darubini, kamera au bunduki.

Anza na tumbo lake. Tandala hucheua. Hula haraka haraka, kisha hutafuta mahali salama pa kukitafuna upya kile alichomeza. Ndiyo maana alfajiri na jioni yuko ukingoni mwa kichaka akila, na jua likishakuwa kali amejilaza kivulini. Anayemtafuta saa sita mchana asihangaike kutafuta mnyama mzima. Atazame ndani ya vivuli, atafute sikio linalofukuza nzi au mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo matawi yote yamesimama.

Yeye ni mla majani ya miti, si nyasi, na mlo wake huacha maandishi. Wacheuaji hawana meno ya mbele katika taya la juu. Hawakati kijiti, bali hukibana na kukinyofoa. Shika tawi lililoliwa ulitazame kwa karibu: likiwa limechanika na kuacha nyuzinyuzi za gome, aliyekula ni mnyama wa jamii ya tandala, pongo au swala. Likiwa limekatwa mshazari, safi kama kwa wembe, huyo ni sungura. Ukiona mchaniko huo juu kidogo ya kichwa chako, huwezi kumsingizia swala pala. Na kama utomvu bado unanata, punguza sauti.

Tandala pia hakai sana kwenye mti mmoja. Hunyofoa hapa, akasogea pale, kwa sababu miti mingi, hasa migunga, hujilinda kwa tanini, kemikali chungu inayozuia usagaji wa chakula tumboni. Kule Afrika Kusini, katika ukame wa miaka ya 1980, tandala waliofungiwa ndani ya uzio wa mashamba walikufa kwa maelfu. Mtafiti Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alivihusisha vifo hivyo na tanini, kwani wanyama walilazimika kurudia miti ile ile. Mikumi hakuna uzio wa kumzuia. Kwa anayemfuata, maana yake ni kwamba kijiti kilicholiwa kinaonyesha alikopita na uelekeo wake, wala si mahali atakaporudi kesho.

Hata hivyo, yote hayo ni bure kama hujui upepo. Pua ya tandala ndiyo inayowashinda wengi, na eneo hili, kwa umbo lake, lina mchezo wa upepo unaohitaji kujulikana. Upande wa Kilosa imesimama milima ya Rubeho, kusini kuna Vidunda, mashariki Uluguru, na katikati bonde. Usiku ardhi ya mlimani hupoa, na hewa iliyoigusa huwa nzito ikateremka polepole kuelekea bondeni. Jua likishapasha miteremko, mambo hugeuka: hewa ya joto huwa nyepesi na kuanza kupanda. Kwa hiyo anayepanda kutoka bondeni alfajiri na mapema anapulizwa usoni, na harufu yake inabaki nyuma. Akichelewa hadi saa tatu asubuhi, harufu ile ile inamtangulia kupanda kilima, na tandala ataondoka kabla hajaonwa. Wawindaji wa kulungu wenye masikio makubwa katika Milima ya Rocky, Marekani, hufuata kanuni hiyo hiyo bila kuwahi kuisikia Rubeho. Kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania, fundi wa nyayo hubeba majivu kwenye kifuko cha kitambaa. Akikikung'uta, vumbi linamwonyesha hewa inakokwenda, hata pale ambapo shavu halisikii chochote.

Zamu ya nyayo sasa, ambazo wengi hudhani ndio mwanzo wa kazi. Ukwato wa tandala ni mwembamba na mdogo ukilinganisha na mwili wake. Wa pofu ni mkubwa na wa mviringo, na pembezoni mwa hifadhi, ambako wafugaji wa Kilosa hupitisha mifugo, ni rahisi kuuchanganya na wa ng'ombe. Bahati nzuri pofu anajitangaza: akitembea, miguu yake ya mbele hutoa mlio wa kutatarika unaosikika kwa mbali. Umri wa unyayo ndio mgumu zaidi. Kingo zikiwa kali na umande umevunjika ndani yake, umekanyagwa asubuhi hii. Njia ya mdudu ikiwa imekatiza juu yake, ni wa jana usiku au kabla. Lakini udongo mweusi wa mfinyanzi wa Mkata hudanganya. Ukikanyagwa wakati wa masika hukauka kama tofali, na unyayo wa Aprili huweza kuonekana mpya mwezi Julai.

Kinyesi hudanganya mara chache zaidi, na Mikumi ina historia yake hapo. Samuel Wasser, mwanabiolojia wa Marekani aliyewachunguza nyani wa hifadhi hii, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mbinu za kupima homoni kwenye kinyesi cha wanyama, ili kujua mimba na msongo bila kumshika mnyama wala kumchoma sindano. Baadaye alitumia vinasaba vya kwenye kinyesi cha tembo kuchora ramani ya tembo wa Afrika, kisha akaioanisha na meno ya tembo yaliyokamatwa bandarini. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 katika jarida la Science yalionyesha kuwa sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na maeneo jirani ya Msumbiji. Kwangu, huyo naye ni fundi wa nyayo, ila alisoma samadi kwa mashine.

Ndani ya Mikumi, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1964, hakuna uwindaji wa aina yoyote. Nje ya hifadhi za taifa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inaruhusu uwindaji kwa leseni, katika maeneo na misimu iliyowekwa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kuwinda usiku ni kosa, na mitego ya waya ni kosa vilevile. Kibaiolojia sababu ya kukataza waya iko wazi: hauchagui. Unamnasa jike mwenye mimba sawa na dume mzee, na mara nyingi unamnasa fisi au simba ambaye hakuna aliyemtaka.

Mwenye leseni halali ana kazi ya kuchagua, na kwa tandala kuchagua ni kuhesabu. Majike hawana pembe. Pembe za dume hukamilisha mizunguko yake miwili na nusu akiwa na umri wa miaka sita hivi, wakati amekwisha kupata nafasi ya kuzalisha. Baada ya saa kadhaa za majivu, vijiti na nyayo, darubini ikionyesha mzunguko mmoja tu na mwanzo wa wa pili, huyo ni kijana, na mwindaji anayeijua kazi yake hafyatui.