Moyo Uliojaa Misuli

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za moyo wa rais.

Machi 1944, Vita Kuu ya Pili vikiwa vimepamba moto, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipelekwa hospitali ya jeshi la majini, Bethesda. Ana miaka 62, anakohoa, anahema, midomo imeingia ubluu. Daktari wake wa kila siku, bingwa wa masikio, pua na koo, alidhani ni mafua na kifua. Akaja daktari wa moyo, kijana Howard Bruenn. Akampima presha: 186 kwa 108. Picha ya eksirei nayo ikaonyesha moyo umekuwa mkubwa kupita kiasi.

Mkubwa? Si ndiyo nguvu hiyo? Najua mtauliza, na hapo ndipo penye ujanja wa ugonjwa wa presha.

Moyo una vyumba vinne. Cha chini kushoto ndicho chenye kazi nzito, maana husukuma damu mwili mzima, mara kama 100,000 kwa siku. Presha ikiwa juu, kila msukumo unakutana na kizuizi. Misuli ya chumba hicho hunenepa, kama mikono ya hamali wa bandarini. Lakini hamali jioni hutua gunia akalala, moyo hautui. Ukuta unazidi kuwa mnene na mgumu, makovu madogo madogo yanajipenyeza katikati ya misuli, na mishipa midogo haitoshi tena kuulisha. Ukuta mgumu haulegei vizuri, kwa hiyo chumba hakijai damu inavyotakiwa.

Kwa wengine mambo huishia kwenye ugumu huo, na huo pekee unatosha kuwaangusha. Kwa wengine misuli huchoka, chumba kikatanuka, msukumo ukalegea. Kwa vyovyote vile damu hurundikana nyuma, mapafuni, na maji yakavuja humo. Ndiyo maana mgonjwa hukosa pumzi akilala chali, akaomba mito miwili mitatu. Miguu nayo huvimba.

Bruenn alimpa Roosevelt dijitalisi, dawa inayotokana na mmea, akampunguzia chumvi na sigara, akamtaka apumzike. Mapafu yakasafika. Mzee akashinda uchaguzi wa nne, na Februari 1945 akasafiri hadi Yalta kuonana na Churchill na Stalin. Wananchi hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wake. Mimi naona walistahili kuambiwa.

Ila presha yenyewe haikushuka. Ilikuwa imeanza kupanda tangu miaka ya 1930, na zama zile madaktari hawakuwa na dawa ya maana ya kuishusha. Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs, alilalamika kichwa kinamuuma, akazimia. Presha ilifika 300 kwa 190. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo, akafariki siku hiyo hiyo.

Leo dawa zipo, tena vidonge vya kawaida tu. Presha ikishushwa mapema na kubaki chini, ukuta ulionenepa huweza kupungua. Basi babu au bibi akisema ameacha vidonge kwa kuwa haumwi popote, mwambieni, kwa adabu, kwamba presha huweza kuutesa moyo miaka mingi bila maumivu yoyote. Kisha msindikizeni akapimwe.