Jina la Mtu Halipimwi kwa Teke Moja

Jumapili moja alasiri tulikuwa Kapata, mtaa ule wa wafanyakazi wa migodi ulio nje ya mji wa Kolwezi. Chini ya mwembe, kando ya uwanja wa vumbi jekundu, walikuwa wameketi wanaume wapatao ishirini: wazee waliostaafu Gécamines, vijana wachimbao mawe kwa mikono yao, na wanafunzi wachache waliosimama nyuma kwa adabu. Hawakukusanyika kwa ajili ya matanga wala kwa ajili ya posa. Walikusanyika kwa ajili ya mpira.

Timu ya mtaa ilikuwa imefungwa mabao manne juma lililotangulia. Mwalimu wa timu alijiuzulu usiku ule ule. Mlinda mlango, mwanafunzi wa miaka kumi na saba, hakuonekana tena uwanjani tangu siku ile. Basi mambo mawili yaliwekwa mbele ya mkutano. La kwanza: nani atafutwe awe mwalimu? La pili: je, ni kweli kwamba kijana yule alikula fedha ili aachie mabao?

Maneno yakaanza kuruka kama cheche. Mmoja alisema, "Bao la tatu lilipita katikati ya mikono yake, hata mtoto mdogo angelidaka." Mwingine akadakia, "Tena siku ile alivaa viatu vipya. Mwanafunzi ametoa wapi fedha ya viatu?" Watu wakacheka. Hapakuwa na shahidi hata mmoja aliyeona fedha ikitoka mkono huu na kuingia mkono ule. Hatua chache kutoka hapo, mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga alisikia yote, akainamisha kichwa. Alikuwa mama wa kijana.

Ndipo mzee mmoja akainua fimbo yake kuomba nafasi ya kusema. "Wanangu, mwamjua Mwepu Ilunga?"

Vijana wakajibu kwa sauti moja, "Baba, nani asiyemjua? Ni yule beki aliyepiga mpira usiokuwa wake, maana hakujua sheria!"

"Hivyo ndivyo dunia nzima ilivyosema," mzee akajibu. "Sasa nisikilizeni."

Twataka wasomaji wetu nao waisikie habari hiyo, kwani vijana wengi wameiona picha yake tu, wala hawajasimuliwa kisa chake.

Mwaka 1974 nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ilikuwa ya kwanza miongoni mwa nchi zilizo kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mashindano yalifanyika Ujerumani ya Magharibi. Chui wetu hawakwenda huko kama wageni wa mpira. Mwezi wa Machi mwaka ule ule walikuwa wametwaa Kombe la Afrika huko Misri, wakiishinda Zambia mabao 2 kwa 0 katika mchezo wa marudio, baada ya fainali ya kwanza kwisha 2 kwa 2. Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao 9 katika mashindano yale, hesabu ambayo hapana mtu aliyeifikia kabla yake. Mwepu Ilunga, beki wa kulia wa Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi, alikuwa mmoja wa mabingwa hao.

Tarehe 14 Juni walifungwa na Uskoti mabao 2 kwa 0. Hapakuwa na aibu katika hilo. Lakini baada ya mchezo ule, kama wachezaji wenyewe walivyosimulia miaka ya baadaye, walipata habari kwamba fedha walizoahidiwa hawatapewa. Mioyo ikavunjika. Tarehe 18 Juni wakaingia uwanjani kupambana na Yugoslavia, wakafungwa mabao 9 kwa 0.

Siku ile yalitokea mambo mawili ambayo wapenzi wa mpira wangali wanayabishania. Baada ya dakika zipatazo 20, mabao yalipokuwa matatu, mlinda mlango Kazadi Mwamba alitolewa nje, akaingizwa Tubilandu. Kazadi alikuwa shujaa wa Lubumbashi, bingwa wa Afrika pamoja na klabu yake katika miaka ya 1967 na 1968. Sasa mwalimu wa timu alikuwa Blagoje Vidinić, naye alikuwa mtu wa Yugoslavia. Mwawaza wenyewe yaliyosemwa! Wengine walidai kwamba amewauzia ndugu zake mchezo. Wengine walisema kwamba amri ilitoka kwa wakubwa. Mtu yule yule aliyebebwa mabegani mwezi wa Machi, mwezi wa Juni akaitwa msaliti.

Jambo la pili ni hili. Katika fujo iliyozuka, mchezaji mmoja alimpiga mwamuzi teke. Mwamuzi akamtoa Ndaye Mulamba. Lakini aliyepiga teke hakuwa Ndaye. Alikuwa Mwepu, naye mwenyewe alikiri. Hivyo mtu asiye na kosa aliadhibiwa mbele ya macho ya maelfu ya watu, na wote walikuwa wakitazama.

Ikafika tarehe 22 Juni, siku ya Brazili. Brazili walihitaji mabao matatu ili wawapite Waskoti. Chui nao, kwa maneno ya Mwepu mwenyewe, walikuwa wametishwa na walinzi wa Rais Mobutu: wakifungwa mabao manne, wasitumaini kurudi nyumbani. Mchezo ulikuwa ukielekea ukingoni, Brazili walipopewa mpira wa adhabu karibu na lango. Wapigaji wakajipanga. Ghafula Mwepu akachomoka katika ukuta wa walinzi, akaupiga mpira mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya manjano. Wabrazili wakashangaa, na watazamaji wakacheka. Mchezo ukaisha 3 kwa 0.

Kwa miaka mingi kicheko kile kiliendelea. Katika nchi za mbali teke lile lilionyeshwa tena na tena, likawa mfano wa Mwafrika asiyejua sheria za mpira. Mwepu alipoulizwa baadaye, alieleza kwamba sheria alizijua vyema. Alifanya kusudi, akitaka kutolewa nje kwa kadi nyekundu, kwa kuwa hakuona sababu ya kuendelea kuumia huku wale watakaofaidi fedha wameketi jukwaani. Alifariki mwezi wa Mei 2015. Hata hivyo wako wangali wanaomcheka.

Hatusemi kwamba Mwepu hakuwa na kosa. Kumpiga mwamuzi ni kosa, na kumwacha mwenzake aondoke uwanjani kwa kosa lake lilikuwa jambo zito. Twasema hivi tu: aliyemhukumu kwa teke moja hakujua njaa yake, wala hofu yake, wala kombe alilolitwaa miezi mitatu kabla. Alijua teke.

Naye Ndaye Mulamba yalimpata makubwa zaidi. Mwaka 1998 ilivuma habari kwamba amekufa katika ajali ya mgodi wa almasi huko Angola. Katika mashindano ya Kombe la Afrika huko Burkina Faso watu walisimama kimya kumwombolezea. Kumbe Ndaye alikuwa hai, akiishi Afrika ya Kusini! Aliaga dunia mwaka 2019. Ikiwa uvumi waweza kumzika mtu aliye hai mbele ya uwanja mzima, utashindwaje kuliua jina la mwanafunzi wa Kapata?

Mzee alipofika hapo, watu walikuwa wametulia. Lakini neno la mwalimu lilikuwa bado. Upande mmoja ulitaka atafutwe mgeni kutoka Lubumbashi, mwenye vyeti. Upande wa pili ulisema, "La, achukuliwe mtoto wa hapa hapa, ajuaye shida zetu." Kila upande ulidhani kwamba mahali alikozaliwa mtu ndipo penye siri ya ushindi.

Sisi twashauri vitazamwe vitabu vya ushindi, maana havina upendeleo. Timu ya taifa ilipotwaa Kombe la Afrika mwaka 1968, mwalimu wake alikuwa Ferenc Csanádi, mtu wa Hungaria. Mwaka 1974 alikuwa Vidinić. Lakini mwaka 2015 Mkongo Florent Ibenge aliiongoza kushika nafasi ya tatu katika Afrika, na mwaka uliofuata, huko Rwanda, akatwaa kombe la wachezaji wachezao katika nchi zao wenyewe.

Tutazame na Mazembe, klabu iliyoanzishwa na mapadre Wabenedikto mwaka 1939 kwa jina la Mtakatifu Georgi. Mwaka 2010 Lamine N'Diaye wa Senegal aliifikisha kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, jambo ambalo hakuna klabu ya Afrika iliyolifanya kabla yake. Mwaka 2015 Patrice Carteron, Mfaransa, alitwaa nayo Kombe la Mabingwa wa Afrika. Mwaka 2016 Mfaransa mwingine, Hubert Velud, alitwaa Kombe la Shirikisho. Na mwaka 2017 kombe lile lile lilitwaliwa tena na klabu ile ile, mara hii chini ya Pamphile Mihayo, aliyekuwa zamani mchezaji wake. Miaka miwili iliyofuatana, kombe moja, klabu moja. Wa kwanza mgeni, wa pili mtoto wa nyumbani. Wasemaje sasa wale waulizao pasipoti kabla ya kuuliza kazi?

Watu wa Kapata wangepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Mchimbaji apatapo jiwe la kijani, moyo wake hufurahi. Lakini mnunuzi hatoi bei kwa rangi. Jiwe hupimwa kwanza, ijulikane lina shaba kiasi gani. Jiwe zuri laweza kuwa na kidogo, na jiwe baya laweza kuwa na nyingi. Tena ni nani asiyekasirika mawe yake yapimwapo kwa haraka, au kwa kipimo cha uongo, akapunjwa bei? Lakini yule yule alalamikaye machimboni kwamba amepunjwa, jioni hukaa chini ya mwembe na kumpunja jirani yake heshima, bila kipimo chochote.

Mwisho mzee aliomba kijana aitwe. Mama yake akaacha karanga zake, akaenda kumleta. Alikuja taratibu, mkono wa kushoto ameuficha mfukoni. Mzee akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, utoe mkono." Kifundo kilikuwa kimevimba. Siku mbili kabla ya mchezo alikuwa amepakia magunia ya mawe garini, ili apate fedha ya shule, gunia likamwangukia. Hakumwambia mwalimu, kwa kuwa timu haikuwa na mlinda mlango wa pili. Navyo viatu vipya? "Ni vya mjomba wake," mama alisema. "Aliviazima, navyo vyambana."

Kimya kiliingia. Yule aliyesema neno la viatu alitazama chini. Hatutawadanganya wasomaji kwamba wote waliridhika. Tulimsikia mmoja akinong'ona kwamba mkono huvimba hata baada ya kula fedha. Uvumi haufi kwa siku moja. Lakini mkutano ulikata shauri. Kijana ataangaliwa mkono wake kwanza, na nafasi yake itamngoja. Atafutwe mlinda mlango wa pili, ili asije mtu akacheza akiwa mgonjwa kwa kuona haya. Na kila atakayeomba kuwa mwalimu, awe wa mbali au wa karibu, ataulizwa maswali yale yale: Umefundisha wapi? Vijana uliowafundisha wanasemaje juu yako? Na mchezaji akiumia, je, atathubutu kukuambia?

Swali hili la mwisho lililetwa na mama muuza karanga, nasi twaona ndilo lililokuwa bora kuliko yote.

Enyi wapenzi wa mpira, endeleeni kubishana, maana mpira bila mabishano ni kama mboga bila chumvi. Semeni kwamba beki amekosea, kwamba mwalimu amepanga vibaya, kwamba mwamuzi hakuona. Hayo ni maneno ya mchezo, na mchezo ukiisha hurudi nyumbani pamoja nasi. Lakini neno la kusema "amekula fedha," au "amewauza wenzake," si neno la mchezo. Hilo hubaki uwanjani baada ya watu wote kuondoka, na mwenye jina ndiye analala nalo.