Thalassery, mji uliolea sarakasi ya India

Sarakasi ya kisasa ya India ilianza mwaka 1880, nchi hiyo ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwasisi wake, Vishnupant Chatre, alikuwa mjuzi wa farasi katika zizi la mtawala wa Kurundwad, dola ndogo iliyokuwa kusini mwa Maharashtra ya leo. Kundi la sarakasi la Mwitaliano Giuseppe Chiarini lilikuwa limekwisha kutua Bombay. Husimuliwa kuwa Chiarini alitamba kwamba ingechukua miaka mingi kabla Wahindi hawajawa na sarakasi yao, na maneno hayo yakamchoma Chatre. Machi 1880 Great Indian Circus ikafungua maonyesho yake Bombay: Chatre juu ya farasi, mkewe kwenye bembea.

Kundi hilo lilizunguka miji ya India, kisha likavuka bahari hadi Ceylon na Asia ya Kusini-Mashariki. Farasi hawakuwa tatizo. Kilichokosekana ni wanasarakasi wa kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Chatre alifika Thalassery, mji wa bandari katika pwani ya Malabar, Kerala ya leo. Huko alikutana na Keeleri Kunhikannan, mwalimu wa mazoezi ya viungo na wa kalaripayattu, sanaa ya mapigano ya jadi ya Malabar. Wakakubaliana kuwa Kunhikannan amwandalie wachezaji.

Kalaripayattu ilikuwa msingi mzuri. Mwanafunzi huanza kwa kulainishwa viungo: hupakwa mafuta, akalala sakafuni, naye mwalimu, akijishikilia kwenye kamba iliyoning'inizwa juu, humkanda mwili kwa nyayo. Kisha hufundishwa kuchuchumaa hadi karibu na ardhi, kuruka juu, kujipindua na kutua bila kuyumba. Aliyefuzu hayo hakuwa na safari ndefu kufika kwenye kamba na bembea.

Mwaka 1901 Kunhikannan alifungua shule ya sarakasi Chirakkara, karibu na Thalassery. Sarakasi ilidai usahihi mkubwa: katika mchezo wa bembea za juu, mdakaji huning'inia kichwa chini, magoti yakiwa yamenasa kwenye fimbo. Mrukaji huachia bembea yake, hupiga pindu hewani, kisha wawili hao hukamatana vifundo vya mikono, si viganja, maana viganja huteleza kwa jasho. Akichelewa kidogo tu, mrukaji huangukia wavuni.

Wahitimu wa shule hiyo hawakukaa wakisubiri ajira. Mwaka 1904 mmoja wao, Pariyali Kannan, alianzisha Grand Malabar Circus, na makundi mengine yakafuata. Vijana wengi waliojiunga walitoka familia maskini. Chini ya hema, watu wa matabaka mbalimbali walilala na kula pamoja, jambo lililokuwa gumu kulikuta kijijini.

Kunhikannan alifariki mwaka 1939, lakini kazi yake haikufa naye. Mwaka 1951 M. V. Sankaran, aliyepata mafunzo yake ya awali kwake, alishiriki kuanzisha Gemini Circus, mojawapo ya sarakasi mashuhuri za India huru.

Baadaye televisheni ilipunguza watazamaji, na wanyama wakali wakapigwa marufuku jukwaani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliagiza kukomesha ajira ya watoto katika sarakasi. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Kerala ilikuwa imefungua chuo cha sarakasi Thalassery ili kuirithisha sanaa hiyo, lakini hakikudumu.