Hewa Nyembamba, Nyota Nyingi: Jicho la Rubani Mbele ya Maajabu ya Anga

Tarehe 19 Agosti 1887, mkemia Mrusi Dmitri Mendeleev, aliyekwisha kujipatia sifa kwa jedwali lake la elementi, alipanda kikapu cha puto karibu na mji wa Klin, si mbali na Moscow. Jua lilikuwa karibu kupatwa, na mawingu yalikuwa yamelifunika anga. Puto lililolowa halikuweza kuwainua watu wawili, hivyo mwendeshaji akashuka na mwanasayansi, ambaye hakuwahi kuendesha puto, akaondoka peke yake. Alipita juu ya mawingu na kuliona jua lililopatwa likiwa limezungukwa na utaji wake mweupe. Alifika kimo cha zaidi ya mita 3,000. Katika safari hiyo hiyo ilimbidi apande juu ya kikapu ili kuikwamua kamba ya vali iliyokuwa imejisokota. Hatimaye alitua salama.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa. Kwa mtazamo wa tiba ya usafiri wa anga, kina pia swali ambalo halijazeeka: je, mwili mmoja unaweza kulitazama ajabu la mbinguni na papo hapo kukiongoza chombo kinachoelea hewani? Swali hilo linawahusu marubani wa ndege ndogo wanaobeba watalii, barua, chanjo na wagonjwa. Linawahusu pia wauguzi na madaktari wanaosafiri nao, kwa kuwa Afrika Mashariki imekuwa na huduma ya madaktari wa angani tangu 1957.

Kiti cha mbele

Hakuna ubishi kwamba chumba cha rubani ni mahali pazuri mno pa kulitazamia anga. Mtu aliyesimama ardhini huona upinde wa mvua kama nusu duara, kwa sababu ardhi huikata sehemu ya chini. Rubani aliye juu ya manyunyu, jua likiwa nyuma yake, anaweza kuuona ukiwa duara kamili. Juu ya tandiko la mawingu, kivuli cha ndege yake mara nyingine huzungukwa na pete ndogo za rangi, zinazotokana na mwanga unaorudishwa nyuma na matone madogo sana ya maji. Kitovu cha pete hizo hufuata jicho la mtazamaji, kwa hiyo watu wawili walioketi sehemu mbalimbali za ndege huona kila mmoja duara lake.

Usiku neema huongezeka. Vimondo vya Agosti na vya Desemba, nyotamkia na ukanda wa Njia ya Maziwa huonekana kwa uwazi ambao miji yetu yenye taa imekwisha kuusahau. Kupatwa kwa jua ndiko kunakotofautisha zaidi aliye juu na aliye chini. Tarehe 3 Novemba 2013, watu wengi waliosafiri hadi kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, walizuiliwa na mawingu na tufani ya vumbi. Siku hiyo hiyo, ndege ndogo ya jeti iliyotoka Bermuda ilikikatiza kivuli cha mwezi juu ya Bahari ya Atlantiki, katika kimo cha futi 44,000, na waliokuwamo wakaona kila kitu kwa sekunde chache.

Uwazi huo una sababu. Katika kimo cha mita 3,000, karibu theluthi moja ya hewa ya dunia imekwisha kuachwa chini, pamoja na sehemu kubwa ya vumbi, moshi na mvuke. Nyota hazimeremeti sana, na weusi wa anga huwa mweusi kwelikweli. Lakini hewa iliyoachwa chini ndiyo hewa ambayo mapafu yanaihitaji. Wembamba wa hewa unaolisafisha anga ndio huo huo unaolinyima jicho chakula chake.

Retina huona njaa mapema

Retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni kwa wingi sana mwilini. Ina seli za aina mbili za kupokea mwanga. Seli zenye umbo la pia huona rangi na maandishi madogo, nazo zimesongamana katikati. Seli zenye umbo la fimbo, ambazo ni zaidi ya milioni 90 katika kila jicho, huhudumu gizani. Hizo za pili hutumia oksijeni nyingi zaidi gizani kuliko mwangani, kwa hiyo ndizo za kwanza kudhoofika oksijeni inapopungua.

Kwa sababu hiyo, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani huwashauri marubani watumie oksijeni ya ziada kuanzia kimo cha futi 10,000 mchana, lakini kuanzia futi 5,000 tu usiku, yaani takribani mita 1,500. Uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Ndege inayoondoka pale usiku huwa imekwisha kupita kipimo hicho kabla magurudumu hayajaiacha ardhi. Wenyeji wa nyanda za juu miili yao imezoea kwa kiasi, na kimo hicho peke yake si ugonjwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba kupungua kwa uoni wa usiku huanza chini kuliko watu wanavyodhani, na hakutoi taarifa. Mtu hahisi maumivu wala kukosa pumzi. Mara nyingine huhisi furaha na kujiamini, huku nyota hafifu zikitoweka moja baada ya nyingine bila yeye kutambua.

Yapo mambo yanayoongeza upungufu huo, na mengi kati yake ni ya kawaida zahanati. La kwanza ni sigara. Kaboni monoksidi iliyomo katika moshi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mvutaji huanza safari akiwa kana kwamba amekwisha kupanda angani. La pili ni mfumo wa kupasha joto. Katika ndege nyingi ndogo zenye injini ya pistoni, joto la ndani hutokana na hewa inayopitishwa kandokando ya bomba la moshi. Bomba likipata ufa, gesi hiyo isiyo na rangi wala harufu huingia chumbani. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ndani ya ndege iliyowashwa joto ni dharura. Joto lifungwe, hewa ya nje iingizwe, na ndege itafutiwe mahali pa kutua upesi. La tatu ni upungufu wa damu, na la nne ni upungufu wa vitamini A, ambayo mwili huitumia kutengenezea rodopsini, kemikali inayozipa seli za fimbo uwezo wa kuona gizani. Mtoto anayejikwaa kila jioni na rubani asiyeiona nyotamkia wanaweza kuwa na upungufu wa aina moja.

Rodopsini huhitaji muda pia. Jicho lililotoka mwangani huchukua dakika 30 hivi kuzoea giza, na mmweko mmoja wa simu huweza kuifuta kazi hiyo mara moja. Hata baada ya kuzoea, kitovu cha retina hakina seli za fimbo. Anayetaka kuona kitu hafifu asikikazie macho moja kwa moja, bali atazame pembeni kidogo, nacho kitajitokeza.

Nyota inayotembea

Hatari ya pili haimo katika retina bali katika ubongo. Mtu akikodolea nukta moja ya mwanga penye giza tupu kwa sekunde chache, nukta hiyo huanza kuonekana kana kwamba inasogea. Haisogei. Ubongo umekosa alama nyingine ya kulinganishia. Rubani aliyeisahau hali hii anaweza kuifuata nyota, au kuikwepa, na katika kukwepa akaiinamisha ndege.

Mwezi Januari 2011, juu ya Atlantiki, rubani msaidizi wa ndege kubwa ya abiria aliamka kutoka usingizi mfupi alioruhusiwa kuupata. Akili yake haikuwa imeamka sawasawa. Kwanza aliidhania sayari ya Zuhura kuwa ndege inayokuja. Kisha, alipoiona ndege halisi iliyokuwa ikipita chini yao, aliiona kana kwamba inawashukia, akaisukuma ndege yake chini kwa ghafla. Watu 16, abiria na wahudumu, walijeruhiwa, wengi wao wakiwa hawakufunga mikanda. Kama uchovu na giza viliweza kumhadaa mtaalamu aliyekuwa na mwenzake kando, mtu aliye peke yake katika ndege ndogo, akiwa ameinua uso kuhesabu vimondo, hana budi kujihadhari maradufu. Vipimo vya ndege vinapotofautiana na hisia, vipimo ndivyo vya kuaminiwa.

Jua halitoi onyo

Kupatwa kwa jua kuna hatari ya namna yake, na hii inamkuta aliye juu na aliye chini kwa kiwango kile kile. Retina haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga wa jua katika kitovu cha retina, mwanga huo huharibu seli kwa njia ya kikemikali, na mtu haoni dalili papo hapo. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi asubuhi inayofuata, huona doa katikati ya kila anachokitazama, mistari iliyonyooka ikijipinda na rangi zikififia.

Baada ya jua kupatwa tarehe 11 Agosti 1999, watu 45 walifika katika kliniki ya macho ya hospitali ya Leicester nchini Uingereza wakihofia kwamba macho yao yameungua. Kati yao, 40 walithibitishwa kuwa na madhara au dalili, na 5 walikuwa na mabadiliko yaliyoonekana kwenye retina. Wengi walipona kadiri miezi ilivyopita. Hata hivyo, miezi saba baadaye, wanne walikuwa bado wanaona kivuli cha jeraha hilo katika uoni wao.

Kioo cha mbele cha ndege hakizuii madhara hayo, wala miwani ya kawaida ya jua. Glasi iliyotiwa masizi haifai, na wala filamu ya eksirei, ambayo wafanyakazi wa hospitali huwa nayo karibu na hushawishika kuwagawia majirani, haifai. Kinachofaa ni kichujio kilichotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, kisicho na mkwaruzo wala tundu. Kichujio hicho hupitisha takribani sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 30,000, au pungufu ya hapo.

Hapa swali la Mendeleev linarudi kwa ukali wake wote. Aliyevaa kichujio cha jua haoni kitu kingine: haoni vipimo, upeo wa macho, wala ndege nyingine, ambazo siku kama hiyo huwa nyingi mahali pamoja. Asiyevaa kichujio anaweza kuendesha, lakini hana ruhusa ya kulitazama jua. Albert Stevens, aliyeupiga picha utaji wa jua kutoka futi 25,000 juu ya Peru tarehe 8 Juni 1937, hakuwa ameshika usukani. Wenzake ndio walioiongoza ndege. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe: anayeendesha hatazami, anayetazama haendeshi, na zamu hubadilishwa kwa kutamka waziwazi nani ameshika ndege. Aliye peke yake na atue kwanza.

Kazi iliyo mbele ya zahanati

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu katika ukanda utakaoanzia Atlantiki, upite kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Afrika, uvuke Misri, Saudi Arabia na Yemen, hadi kaskazini-mashariki mwa Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Watakaokuwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania wataliona jua likimegwa sehemu tu. Kwao hakutakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama bila kichujio. Ndivyo ilivyokuwa pia tarehe 1 Septemba 2016, lilipobaki kama pete juu ya Rujewa, mkoani Mbeya: pete nayo ni jua, na huunguza.

Mhudumu wa afya ana nafasi kabla ya siku hiyo na baada yake. Kabla, aieleze jamii njia rahisi isiyo na gharama: kutoboa tundu dogo katika karatasi ngumu, kulipa jua mgongo, na kulitazama umbo lake likijichora kwenye karatasi nyingine. Baada, amsikilize kwa makini kijana anayesema ukurasa una doa. Apime kila jicho peke yake, kwa kuwa jicho zima huficha kasoro ya mwenzake, aulize kuhusu jua bila kumkaripia, kisha ampeleke kwa mtaalamu wa macho. Asimpe matone ya kubahatisha wala dawa za steroidi, kwani hakuna tiba iliyothibitishwa kulirudisha jeraha hilo. Wengi hupata nafuu katika wiki na miezi inayofuata, wachache hubaki na doa maisha yao yote. Kinga ndiyo tiba iliyopo, nayo inapatikana kwa bei ya karatasi mbili.