Utafiti wa Afya ya Watoto na Ridhaa ya Wazazi: Fundisho kutoka Kanada

Tarehe 25 Julai 2022, huko Maskwacis nchini Kanada, hayati Baba Mtakatifu Francisko aliwaomba msamaha watu asilia wa nchi hiyo kwa maovu waliyotendewa na Wakristo wengi, hasa kuhusiana na shule za bweni. Watoto wapatao 150,000 walitengwa na wazazi wao na kupelekwa katika shule hizo, ambazo sehemu kubwa iliendeshwa na mashirika ya Kikatoliki.

Miongoni mwa majeraha hayo limo moja lisilojulikana na wengi. Kati ya mwaka 1948 na 1952, wataalamu wa lishe wa serikali walifanya majaribio katika shule sita, zikiwemo za Kikatoliki, yaliyowahusu watoto wapatao 1,000. Walijua kwamba watoto hao hawakuwa na lishe ya kutosha; lakini upungufu huo ukageuzwa kuwa fursa ya utafiti. Katika shule moja, kiasi haba cha maziwa kiliachwa vilevile kwa miaka miwili ili kipatikane kipimo cha kulinganishia. Kwingineko, watoto walinyimwa baadhi ya matibabu ya meno, kwa kuwa yangevuruga matokeo. Wazazi hawakuulizwa. Habari hizi zilienea mwaka 2013, mwanahistoria Ian Mosby alipochapisha uchunguzi wake.

Je, utafiti ni mbaya? La hasha. Bila utafiti tusingekuwa na chanjo ya surua wala tiba ya kifua kikuu. Kanisa linafundisha, katika Katekisimu namba 2295, kwamba utafiti juu ya binadamu hauwezi kuhalalisha tendo linalopingana na utu wake, na kwamba ridhaa ya mhusika, au ya wenye haki ya kumsemea, ni ya lazima. Mtoto si chombo cha kupimia. Ni sura ya Mungu.

Watu asilia wa Kanada hawakuukataa utafiti, bali walidai nafasi yao ndani yake. Tangu mwaka 1998, Mataifa ya Kwanza yameshika kanuni nne: kumiliki taarifa zao, kuzisimamia, kuzifikia na kuzihifadhi. Mwaka 2010, mwongozo wa kitaifa wa maadili ya utafiti uliwatengea watu asilia sura nzima. Faida yake ni dhahiri: mama anayemwamini mtafiti humweleza ukweli, na matokeo yakirudi kijijini huzaa matunda.

Nasi katika parokia na zahanati zetu, anapokuja mtafiti, tuulize kwa upole: Unatafuta nini? Nani amekuruhusu? Matokeo yatarudi kwetu lini? Na ukimkuta mtoto mgonjwa, utamtibu kwanza? Anayeshindwa kujibu swali hili la mwisho hajawa tayari kukabidhiwa watoto wetu.