'Tabia mbaya': Watoto wetu hawana majina ya miili yao

Kwenye ratiba yetu ya darasa la sita, Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, kulikuwa na kipindi kinaitwa Stadi za Maisha. Ukiniuliza leo tulifunzwa nini humo, nitakwambia sehemu na asilimia. Ticha wa Hisabati alikuwa anaingia na chaki yake, anafuta ubao, tunaendelea na marudio ya KCPE. Hakuna aliyelalamika, hata sisi. Somo ambalo halina mtihani halina mwenyewe.

Naanza hapo kwa sababu kila mara mjadala huu ukiwaka mtandaoni, wasee huongea kana kwamba kuna watu wako njiani kuja kufunza watoto wa shule ya msingi mambo ya mwili na mahusiano, na lazima wazuiwe getini. Kumbe Stadi za Maisha zimekuwa kwenye ratiba tangu mwaka wa 2008 hivi. Kipindi kimoja kwa wiki: kujitambua, hisia, marafiki, kukataa shinikizo. Kiliingia shuleni kikaliwa na Hisabati.

Mtaala wa CBC ulipokuja tulidhani mambo yatabadilika. Kundi la kwanza la sekondari msingi lilipoanza 2023, lilikuwa na somo zima la Stadi za Maisha na lingine la Afya. Muda si muda masomo yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9. Stadi zikamezwa na Masomo ya Jamii, Afya ikamezwa na Sayansi Jumuishi. Kupunguza sikatai, mabegi yalikuwa yanawazidi watoto uzito. Lakini mada ikiwa sura moja ndani ya kitabu kinene, na mwalimu amebanwa na muda, sote tunajua sura gani itarukwa.

Tuache ratiba. Kinachonikera zaidi ni lugha.

Mwambie mtoto wa Gredi ya 2 akutajie sehemu za mwili. Kichwa, mabega, magoti, vidole, atakuimbia na mikono juu. Akifika kiunoni anacheka, halafu anaruka hadi mapajani. Huko katikati hakuna jina. Nyumbani kwao ni "huko chini", kwa jirani ni "kadudu", kwingine ni "kasusu", kila nyumba na yake. Kiswahili kina maneno, uke na uume, yako kwenye kamusi, lakini yataje mbele ya mathe uone. Ticha mwenyewe akifika hapo anahamia Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakimwaibishi. Mtoto ananakili neno refu asiloweza kulitamka na asilolihisi kuwa lake.

Sasa angalia kinachotokea mambo yakiharibika. Ukisoma hukumu za kesi za unajisi nchini, utakutana na sentensi moja tena na tena kutoka kwa watoto: alinifanyia tabia mbaya. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imeandikwa kwa maneno makali na wazi, lakini shahidi wa miaka 8 hana hayo maneno. Ana "tabia mbaya". Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliorodhesha misemo ya namna hiyo ambayo watoto wameitumia kwenye kesi, ikaeleza kwamba ndivyo watoto wanavyosimulia walichotendewa. Kwa hivyo jaji anaelewa. Shukrani kwake.

Lakini kabla kesi ifike kwa jaji, lazima kwanza ifike kwa mtu mzima mmoja anayesikiliza. Na fikiria hilo neno lina kazi ngapi. Kulamba sukari ni tabia mbaya. Kutukana ni tabia mbaya. Kujikojolea ni tabia mbaya. Tangu mtoto akiwa na miaka mitatu anajua anayepatikana na tabia mbaya huchapwa. Siku jirani au mjomba anamgusa vibaya, neno pekee alilo nalo la kuripoti ni lile lile la kumshtaki yeye. Anaweza kunyamaza. Au akajikaza, akasema, "Fulani amenifanyia tabia mbaya," na mama aliyeinama jikoni akadhani kuna mtu amemsonya mwanawe, akamwambia aache kucheza naye, akaendelea kukata sukuma.

Hilo ndilo somo ninalolitetea. Kwa watoto wadogo halina mambo mengi: hii inaitwa hivi, huyu na huyu ndio wanaoweza kukusaidia kuoga, siri ya zawadi ya mama inawekwa lakini siri inayokutia hofu inasemwa, ukisema hapana na mtu asiache basi kosa ni lake. Nimesikia wazazi na viongozi wa dini wakisema haya yanawaamsha watoto mapema. Wana haki ya kuuliza kitabu kina nini, na mzazi anayetaka kukiona anafaa aonyeshwe. Ila mtoto wa mtaani kwetu mwenye simu ya mzazi na bando ya shilingi ishirini ameshaamshwa. Tofauti ni nani aliyemwamsha.

Na wala si kitu cha kigeni. Pwani, mwanamke aliyekuwa akimfunza mwari aliitwa somo au kungwi. Somo, neno hilo hilo la shuleni. Bara kulikuwa na nyanya na shangazi. Siku hizi nyanya yuko kijijini na shangazi yuko Gulf anatafuta riziki, kwa hivyo kazi imebaki kwa mwalimu mwenye watoto 70 darasani.

Tukifika hedhi, nchi ilijitahidi upande wa vitu. Sheria ya 2017 ilisema serikali itoe sodo za bure kwa wasichana wa shule za umma. Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, msichana wa miaka 14 kutoka Bomet alijitoa uhai. Mamake alieleza kwamba mwalimu alimfukuza darasani kwa sababu ya doa la damu kwenye sare. Hapo kilichokosekana si pedi pekee. Kuna mtu mzima, mwenye mafunzo ya ualimu, ambaye hakujua aseme nini. Na mazoea ya shule nyingi ni yale yale tuliyokulia: wageni wa pedi wakija, wavulana wanapewa mpira watoke nje. Halafu tunashangaa wakicheka.

Takwimu za kitaifa za afya za 2022 zilionyesha asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Zile za 2014 zilikuwa asilimia 18. Imeshuka, sawa. Samburu ilikuwa asilimia 50, na huko usiniambie tunasubiri watoto wakue kwanza.

Nina beshte anayefunza Gredi ya 5 katika shule ya umma Eastlands. Yeye hajasubiri mtu. Ana mkebe wa majani chai ameutoboa juu, mtoto anaandika swali bila jina, Ijumaa anayasoma. Mengi ni ya kuchekesha: kama nywele za kwapa zikinyolewa zinarudi na hasira, kama kumpa msichana chapati ni mapenzi. Anajibu yote bila kucheka, na wavulana wote wako ndani. Muhula uliopita kuna karatasi iliuliza, ukimwambia mama na mama aseme nyamaza, unaambia nani sasa?

Hakuuliza nani ameandika. Aliwaambia waje kwake, yeyote, saa yoyote. Halafu akaandika ubaoni 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, na kila mmoja akainakili nyuma ya daftari la Hisabati, kwa sababu hilo ndilo hawalisahau nyumbani. Baada ya kengele watoto wawili walibaki ndani wakijifanya kupanga vitabu.